Mwongozo Kamili: Kucheza Sataranji Mashindanoni na Mtu Aliyekuzidi Mbali

Orodha ya raundi ya kwanza ikishabandikwa ukutani, kuna uso ninaoutambua hata kwa mbali. Mtu anatafuta jina lake, anaufuata mstari kwa kidole, anakuta wa kucheza naye amemzidi alama (kipimo cha nguvu ya mchezaji) 400 au 500, anacheka na kutikisa kichwa. Saa moja baadaye yuko nje ya ukumbi. Mchezo umekwisha, saa yake ya mezani ilibaki na dakika zaidi ya 80, na ukimuuliza ilikuwaje anakujibu, "Yule si wa kucheza naye."

Nimepitia karatasi nyingi za michezo ya namna hiyo, zangu zikiwamo. Mara nyingi yule mkubwa hakufanya la ajabu. Alipanga kete zake vizuri, akasubiri, akapewa farasi wa bure kwenye hatua ya 17, basi.

Mwongozo huu ni wa anayezidiwa. Shabaha ni mbili tu: usimpe cha bure, na uwe bado una akili na dakika pale naye atakapoteleza. Wakubwa huteleza. Mwaka 2006 mjini Bonn, Vladimir Kramnik akiwa bingwa wa dunia alikuwa akicheza na programu ya Deep Fritz, akampeleka malkia mraba wa e3 bila kuona kwamba anapigwa mati (mfalme kunaswa, mchezo kwisha) kwa hatua moja. Mwaka 2023 nchini Qatar, Magnus Carlsen akiwa na alama 2839 alifungwa na Alisher Suleymenov mwenye 2512.

## Hesabu iliyo mezani kabla hujakaa

Mashindano mengi ya wazi hutumia mfumo wa Uswisi. Wachezaji hupangwa kwa alama, orodha inakatwa katikati, kisha wa kwanza wa nusu ya juu anapewa wa kwanza wa nusu ya chini. Wakiwa 60, namba 1 anacheza na namba 31, namba 12 na namba 42. Kwa hiyo ukiwa wa 42 usiseme umepata nuksi. Ndivyo mfumo ulivyo.

Kwa jedwali la FIDE (shirikisho la sataranji la dunia), aliyezidiwa alama 400 anatarajiwa kupata pointi 0.08 kwa mchezo. Hizo ni pointi 8 katika michezo 100, sare zikihesabiwa nusu nusu.

Tuseme wewe una 1600, yeye 2000, na nyote mnahesabiwa kwa kizidishi cha 20 (tofauti kati ya pointi ulizopata na zilizotarajiwa inazidishwa kwa 20), ambacho ni cha kawaida kwa mtu mzima aliyekwisha kucheza michezo 30 na hajafika 2400. Ukifungwa unapoteza alama 1.6. Ukitoka sare unapata 8.4. Ukishinda unapata 18.4.

Sasa hamia upande wake wa meza. Akishinda anaongeza 1.6, ambayo hata haitaonekana. Mkitoka sare anapoteza 8.4, na akifungwa 18.4 zinakwenda, pamoja na maswali ya wenzake mlangoni. Ameketi hapo akijua sare ni hasara kwake. Mengi ya mwongozo huu yanatokana na jambo hilo moja.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kalamu mbili. Ya kwanza huisha wino ukiwa na dakika tano, sijui kwa nini iwe hivyo kila mara.
- Maji.
- Ufunguzi (hatua za mwanzo) mmoja wa kete nyeupe na majibu mawili ya kete nyeusi (moja dhidi ya e4, jingine dhidi ya d4) ambayo umeyacheza mara nyingi. Viwe kichwani. Maandishi ya kukusaidia, ya aina yoyote, hayaruhusiwi mezani.
- Masharti ya mashindano: muda wa kila mchezaji, dakika zinazoruhusiwa kuchelewa, na kama kuna hatua ambayo kabla yake hamruhusiwi kukubaliana sare. Yasome yote. Ni ukurasa mmoja.
- Simu usiwe nayo. Ikibidi uje nayo, izimwe kabisa na ikae kwenye begi mahali mwamuzi alipokubali. Ikikutwa mwilini mwako ukumbini, umefungwa, hata kama hukuigusa.

Saa ya mkononi nayo iache, japo ni ya mishale. Baada ya mchezo ule wa Qatar, Carlsen alisema kuona saa kwenye mkono wa mpinzani kulimtoa mawazoni. Huna haja ya ubishi wa aina hiyo.

## Awamu ya 1: Usiku wa kuamkia mchezo

Usijifunze ufunguzi mpya. Hili ndilo kosa la kwanza, na ni tamu, kwa sababu unajiona unafanya kazi. Unasoma hatua 12 za mtego fulani, kesho yake jamaa anacheza kitu kingine kwenye hatua ya 4, na sasa uko mahali usipopajua mbele ya mtu anayepajua.

Tumia dakika 30 kupitia hatua 8 hadi 10 za kwanza za michezo yako mwenyewe. Kwa kila hatua jiulize: kete hii inakwenda hapo kufanya nini? Kama michezo ya mpinzani inapatikana, itazame kwa dakika 15, uone tu anaanza vipi na kete nyeupe. Usitazame ushindi wake. Utalala vibaya.

Kisha zipange ubaoni zile hali tatu za mwisho zilizo kwenye Awamu ya 9, uzicheze mara mbili mbili. Lala.

Utajuaje umefaulu: unaweza kueleza ufunguzi wako kwa sentensi tatu bila kutaja hatua hata moja.

## Awamu ya 2: Unapoketi

Fika mapema, panga kete zako mwenyewe, andika majina na tarehe kwenye karatasi ya kuandikia hatua. Mikono ikipata kazi, moyo hutulia.

Kanuni tatu huwakamata wageni wa mashindano, na mkubwa anazijua zote.

Ukigusa, umecheza. Ukigusa kete yako kwa nia ya kuisogeza lazima uisogeze, na ukigusa ya mwenzako lazima uile kama inalika. Ikiwa kete imekaa pembeni ya mraba, sema kwanza kwamba unarekebisha, iwe zamu yako, ndipo uiguse.

Mkono mmoja. Unaosogeza kete ndio huo huo unaobonyeza saa. Unapomficha mfalme kwa ile hatua ya mfalme na ngome pamoja, anza kumgusa mfalme. Ukianza na ngome, hutaruhusiwa kumficha upande huo kwenye hatua hiyo, utaisogeza ngome tu.

Andika baada ya kucheza. Wapo walimu wa zamani waliofundisha kuandika hatua kwanza, kuitazama, kisha kuicheza. Kanuni za sasa zinakataza, isipokuwa unapodai sare, na nitalifikia hilo.

Onyo: kwenye michezo ya muda mrefu, hatua ya kwanza isiyo halali humpa mwenzako dakika 2 za ziada. Ya pili inakufunga.

## Awamu ya 3: Ufunguzi usio na ujanja wala woga

Kuna njia mbili za kuharibu hatua kumi za kwanza.

Ya kwanza ni mtego wa kitoto. (Kwenye maandishi ya hatua, K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, N farasi; isiyo na herufi kubwa ni ya askari, x ni kula, + ni cheki, yaani kumshambulia mfalme, na nukta tatu ni hatua ya mweusi.) Mwenye nyeupe anacheza 1.e4 e5 2.Qh5 akiwinda f7. Mkubwa anajibu 2...Nc6. Halafu 3.Bc4 g6 4.Qf3 Nf6, na ukitazama ubao, mweusi ana farasi wawili nje, tishio limezibwa, na malkia wako amekaa mahali ambapo farasi wako wa g1 alipataka. Umemlipia mwenzako hatua za bure. Mitego ya aina hii humkamata asiyeijua tu, na huyu aliijua kabla hajafika alama 1000.

Ya pili ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu inafanana na busara: kubadilishana kila kitu ili kutafuta sare. 1.e4 e6 2.d4 d5 3.exd5 exd5, halafu malkia kwa malkia, farasi kwa farasi, "mradi kete ziishe". Mwenye nyeupe anaamini kwamba ubao mtupu ni ubao salama.

Sivyo. Kila mnapobadilishana, angalia ni nani anayerudi kula, na anarudia wapi. Ukimla farasi wake wa c6 kwa askofu wako, askari wake wa b anakula kuelekea katikati, ngome yake ya b8 inapata mstari mtupu, naye sasa ana maaskofu wawili. Ulitoa askofu mzuri ukampa vitu vitatu. Fanya hivyo mara nne, na mtafika mwisho wa mchezo ambako kete ni chache lakini zake zote ziko mahali bora. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayomtenganisha mwenye 2000 na mwenye 1600 kuliko zote, nawe ndiyo uliyokuwa unaikimbilia.

Fanya hivi:

1. Cheza ufunguzi wako wa kila siku. Mfumo wa London kwa nyeupe (d4, Bf4, e3, Nf3, c3) au Caro-Kann kwa nyeusi (1.e4 c6 2.d4 d5) vinafaa kwa mtu wa kawaida, ilimradi umevizoea.
2. Toa farasi na maaskofu, mfiche mfalme kabla ya hatua ya 10, unganisha ngome.
3. Badilishana kete kama tu unaweza kumaliza sentensi hii: "Baada ya kubadilishana, kete yangu itakuwa bora kwa sababu..."

Akicheza kitu kigeni, usishtuke. Hakujibu vibaya wala vizuri mpaka uangalie. Tumia dakika 5 hapo hapo, ndizo zinazolipa kuliko zote za mwanzo.

Utajuaje umefaulu: hatua ya 12, mfalme wako amejificha, kete ndogo nne (farasi na maaskofu) ziko nje au zimebadilishwa kwa haki, na hujapoteza askari. Haipendezi macho. Inatosha.

## Awamu ya 4: Saa

Muda unaotumika sana ni dakika 90 kwa kila mmoja na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Kwa mchezo wa hatua 60, una dakika 120 zote pamoja, wastani wa dakika 2 kwa hatua.

Anayezidiwa hucheza haraka. Nadhani ni aibu: anaona kama kufikiri sana mbele ya mkubwa ni kujidai. Nimewahi kuona saa ya mtu ikisoma dakika 95 kwenye hatua ya 20. Maana yake, hatua 20 zote zilimchukua dakika 5. Alikuwa na muda mwingi kuliko aliokuja nao, na malkia mmoja pungufu.

Andika muda uliobaki pembeni ya karatasi kila baada ya hatua 5. Jilinganishe na vipimo hivi:

- Hatua ya 10: karibu dakika 80.
- Hatua ya 20: dakika 55 hadi 60.
- Hatua ya 30: dakika 30 hadi 35.
- Baada ya hapo: usishuke chini ya dakika 10 kama unaweza kuepuka.

Ukiwa juu sana ya vipimo, unakimbia. Ukiwa chini sana, unahangaika na hatua zisizostahili. Na yeye akicheza haraka, usimfuate. Wengine huinuka kila wakicheza, wanazunguka kutazama meza nyingine, wanarudi na kujibu kwa sekunde nane. Dakika zake ni zake.

## Awamu ya 5: Maswali matatu kwa kila hatua

Ungekuwa na nafasi ya kusoma awamu moja tu, ningekuambia uisome hii.

Mpinzani akishabonyeza saa, mikono yako iwe chini ya meza. Kisha, kwa mpangilio huu:

1. Hatua hii inataka nini? Ameiacha nini wazi, ameielekeza wapi? Kama angecheza tena mara moja bila mimi kujibu, angefanya nini?
2. Cheki, kula, tishio. Angalia kila cheki anayoweza kunipa, kila kete anayoweza kula, kila tishio. Hata zile zinazoonekana za kipuuzi, kama malkia kumla askari mwenye mlinzi. Halafu fanya hivyo hivyo kwa upande wangu.
3. Nani hana mlinzi? Hesabu kete zako zisizolindwa na nyingine. Zikiwa mbili, tafuta mraba ambao farasi au malkia wake angezipiga zote kwa pamoja. Kama upo, shughulika nao sasa.

Ukishachagua hatua yako, rudia swali la pili ukiwa umeiwaza kama imeshachezwa. Hapo ndipo Kramnik alipoangukia: mpango wa malkia ulikuwa na maana, kilichokosekana ni kutazama cheki ya mwisho kabla mkono haujatoka.

Inachosha. Kwenye hatua ya 25 utaanza kuruka swali la tatu, na kwenye hatua ya 28 utapoteza kete. Ukijihisi umeanza kuruka, inuka wakati wa zamu yake, kunywa maji, rudi.

Onyo: usiulize maswali haya ubao ukiwa moto tu. Farasi wa bure hutolewa siku za utulivu, mtu akiwa anasogeza kete "ya kawaida tu".

## Awamu ya 6: Mchezo unapopoa

Kati ya hatua ya 15 na ya 25 mara nyingi hakuna tishio lolote. Mkubwa anapapenda hapa. Ana subira, anajua anayezidiwa hawezi kukaa kimya, na anasubiri umsogezee askari mbele ya mfalme wako mwenyewe.

Askari harudi nyuma. Kila ukimsogeza, miraba aliyokuwa akiilinda inabaki yatima hadi mwisho wa mchezo. Kwa hiyo ukikosa la kufanya usimguse askari. Tafuta kete yako iliyokaa vibaya kuliko zote na uitafutie nyumba bora. Farasi wa d2 asiye na pa kwenda: anaweza kupita f1 akafika g3 au e3? Ngome ya a1 imelala: mstari upi utafunguka baadaye? Ukipata hatua tatu za namna hii, umemaliza dakika 15 za mchezo bila kuharibu chochote, naye hajapata alichokisubiri.

Isipokuwa askari mmoja. Kama mfalme wako amefungiwa nyuma ya askari watatu na ngome zako zinataka kuondoka safu ya kwanza, h3 (au h6 kwa mweusi) humpa mfalme dirisha. Icheze wakati wa utulivu. Wakati wa vurugu hutapata nafasi.

## Awamu ya 7: Pale anapokataa sare

Sasa turudi kwenye ile hesabu ya mwanzo. Mmefika hatua ya 30, hakuna aliyezidiwa, na ubao unaelekea kujirudia mara 3, yaani sare. Wewe umefurahi. Yeye anaona 8.4 zikiondoka. Atafanya kitu. Mara nyingi ni kitu ambacho asingekifanya dhidi ya mtu wa kiwango chake, na mlango hufunguka kwa hatua moja au mbili tu.

Mfano wangu mwenyewe ninao, na bado unaniuma. Mpinzani alinizidi alama 450. Nilikuwa na nyeupe: farasi g3, ngome ikipanda na kushuka kati ya d1 na d2. Yeye alikuwa na askofu b7, askari d6, g6 na h6, na mfalme wake alikuwa akihama g8 kwenda h8 na kurudi. Hali ile ile ilishatokea mara mbili. Mfalme alipokuwa g8, nikangoja arudi h8.

Hakurudi. Alivuta pumzi, akamsukuma askari wa g6 hadi g5.

Yule askari wa g6 ndiye pekee aliyekuwa akiulinda mraba wa f5. Farasi wangu wa g3 angeruka f5 hapo hapo, na d6 na h6 zingekuwa hatarini kwa pamoja. Ile ya h6 ingeliwa kwa cheki. Nilikuwa na dakika 3 kwenye saa, kwa sababu nilizitumia nyingine kuogopa. Nikaona g5 kama shambulio, nikairudisha ngome d1 kwa mazoea. Akamrudisha askofu c8, f5 ikafungwa, na baada ya hatua 20 nikampa mkono, kukubali kwamba nimefungwa.

Kwa hiyo, kwenye kipindi hiki:

- Akivunja marudio, simamisha kila ulichokuwa unakiwaza. Uliza: kete au askari aliyeondoka alikuwa analinda nini?
- Tumia dakika 5 au zaidi kwenye hatua hiyo moja. Ulizihifadhi kwa ajili yake.
- Usijibu kwa kujihami kabla hujaangalia kama kuna cha kula.

Utajuaje umefaulu: si lazima upate ushindi. Ukiweza kujiambia kimoyomoyo, "hapa ndipo alipobadilika", umekuwa macho.

## Awamu ya 8: Kuomba, kukubali na kudai sare

Ombi la sare hutolewa hivi: cheza hatua yako, tamka ombi, bonyeza saa. Likiwa mezani haliwezi kuondolewa. Linadumu mpaka mwenzako alikubali, alikatae kwa mdomo, au aguse kete kwa nia ya kucheza.

Omba mara moja, tena ukiwa na hali nzuri. Mdogo anayeomba sare kwenye hatua ya 9, ya 14 na ya 20 anamwambia mkubwa kila mara kwamba anaogopa, na maombi yakirudiwa hadi kuwa usumbufu, mwamuzi anaweza kukuadhibu.

Mkubwa akikuomba wewe, usijibu haraka. Huyu anapoteza alama kwa sare, sasa kwa nini aitake? Ama amechoka, ama ameona kitu kibaya upande wake. Saa inakwenda upande wako, kwa hiyo tumia dakika 10 ukitafuta alichokiona. Usipokipata, kubali bila aibu. Ukikipata, endelea.

Hali ile ile ikitokea mara 3, si lazima mfululizo, na mchezaji yule yule akiwa na zamu, unaweza kudai. Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao: wanaicheza hatua kwanza, halafu wanamwita mwamuzi. Kama hatua yako ndiyo itakayoleta mara ya 3, usiicheze. Iandike kwenye karatasi, simamisha saa, mwite mwamuzi, mwambie unakusudia hatua hiyo. Ikitokea mara 5, mchezo unakwisha wenyewe kwa sare.

## Awamu ya 9: Ukiwa unazidiwa

Askari mmoja pungufu si kifo. Kanuni inayofaa: ukiwa umepungukiwa, badilishana askari, usibadilishane kete. Askari wakiisha, hata mwenye kete ya ziada anaweza kukosa cha kukushindia. Farasi wawili na mfalme hawawezi kulazimisha mati dhidi ya mfalme mtupu.

Hali tatu za kuwa nazo kichwani, ubao ukiwa mbele yako na wewe ukiwa mweusi:

Mfalme mbele ya askari. Nyeupe: Kd5, askari e6. Wewe: Ke7, zamu yako. Rudi nyuma moja kwa moja, Ke8. Akija Kd6, wewe Kd8. Akicheza e7+, wewe Ke8, na akimlinda askari wake kwa Ke6 huna pa kwenda wala hujapewa cheki: sare. Ukirudi d8 au f8 mwanzoni badala ya e8, umefungwa.

Ngome kwa ngome. Nyeupe: Kd5, Ra7, askari e5. Wewe: Ke8, Rb6. Ngome yako ibaki kwenye safu ya 6 ili mfalme wake asiingie. Siku atakaposukuma e6, shuka mara moja Rb1 umpe cheki kutoka nyuma. Askari wake ameshapita, mfalme wake hana pa kujificha.

Askofu asiyefaa. Ana askofu wa miraba myeupe na askari wa mstari wa h. Kona ya h8 ni nyeusi. Mfalme wako akiingia h8, hakuna wa kumtoa.

Kuhusu kukata tamaa: usimpe mkono kwa sababu ya aibu. Mpe pale utakapoweza kujionyesha hatua kwa hatua jinsi atakavyomaliza, na unaamini atazipata kwa muda alio nao. Kabla ya hapo, acha athibitishe.

Onyo dogo la mwisho wa mchezo: ukimfikisha askari wako safu ya mwisho, anapogeuka malkia, na hakuna malkia wa ziada mezani, usiigeuze ngome juu chini ukaiita malkia. Itahesabiwa ngome. Simamisha saa, mwite mwamuzi akuletee malkia.

## Awamu ya 10: Nusu saa baada ya mkono

Tieni sahihi karatasi zote mbili, hakikisha matokeo yameandikwa sawa. Kisha muulize mpinzani kama ana dakika 10 za kupitia mchezo nje ya ukumbi. Wengi hukubali, na ni somo ambalo kwa siku nyingine ungelilipia.

Usimuulize "nilikosea wapi?" Atakuonyesha hatua ya mwisho, ambayo unaijua. Muulize: "Ni wakati gani ulianza kupenda upande wako?" Karibu kila mara atataja hatua 8 au 10 kabla ya ile uliyodhani. Mimi nilidhani nilifungwa na ile f5. Jamaa alirudisha ubao hadi hatua ya 22, nilipobadilisha farasi wangu wa pili kwa askofu wake wa e7. "Hapo," akasema, "nilijua una haraka ya kwenda nyumbani."

Kabla ya kuweka mchezo kwenye programu kama Stockfish, andika kwa mkono hatua tatu ulizozitilia shaka na sababu ulizokuwa nazo. Programu itakuambia hatua bora. Haiwezi kukuambia ulikuwa unawaza nini, na jioni utakuwa umeshasahau.

Halafu katazame orodha ya raundi ya pili. Kama ulifungwa, mfumo wa Uswisi utakupa aliyefungwa pia, na kuna uwezekano mkubwa kwamba sasa wewe ndiye mwenye alama nyingi mezani. Mtazame anavyolifuata jina lako kwa kidole.